Nyumba ng'ambo ya barabara: uchambuzi wa kisa cha mkopo unaofuata mtaa

Kisa hiki ni cha familia moja yenye asili ya Kongo mashariki, inayoishi katika mji wa ukubwa wa kati huko Kati-Magharibi ya Marekani. Nimebadilisha majina, nimeuficha mji na benki, na hesabu za fedha nimezikadiria kwa karibu. Familia imekubali kiandikwe, kwa sababu wanajua wako wengi wanaopita njia hiyohiyo.

## Usuli

Nitawaita Baba Imani na Mama Imani. Walikuja Marekani kutoka kambi moja ya wakimbizi ya magharibi mwa Tanzania, na wote wawili sasa ni wakazi wa kudumu. Baba Imani anafanya kazi kiwanda cha nyama, zamu ya alfajiri, akipata kama dola 44,000 kwa mwaka. Mama Imani anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea, zamu ya usiku, dola 37,000. Imani, kifungua mimba wao, ana miaka 20 na anafanya kazi ghalani kwa dola 36,000. Chini yake kuna wadogo zake wanne, na pamoja nao yupo bibi, mama mzazi wa Baba Imani. Watu wanane katika fleti ya vyumba vitatu, kodi dola 1,650 kwa mwezi, na barua ya kuongezwa kodi ilikuwa imeshafika.

Walikuwa na akiba ya dola 9,000 benki. Pia walikuwa kwenye likelemba ya watu kumi, kila mmoja akitoa 400 kwa mwezi, na zamu yao ya kupokea 4,000 ilikuwa inakaribia. Alama zao za mkopo zilikuwa nzuri kwa sababu Mama Imani hajawahi kuchelewesha deni la gari hata mwezi mmoja.

Nilikutana nao katika darasa la wanunuzi wa nyumba ya kwanza ninalolifundisha kwa Kiswahili. Walikuwa wamesikia kazini kwamba "kuna benki inatoa dola 10,000 bure ukinunua nyumba". Habari ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa imekatwa mkia: benki ilitoa fedha hizo kwa nyumba za mitaa fulani tu, au kwa wenye kipato kidogo.

## Kwa nini mtaa unahesabiwa

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, kwa sababu bila historia mtu ataona ramani hizi kama bahati nasibu.

Mwaka 1933, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, serikali ya Marekani iliunda shirika la HOLC kuwaokoa wenye nyumba walioshindwa kulipa mikopo. Katika miaka iliyofuata shirika hilo lilichora ramani za zaidi ya miji 200 na kuupa kila mtaa daraja: kijani kwa ulioonekana salama zaidi kwa mkopo, kisha buluu, njano, na nyekundu kwa ulioonekana wa hatari zaidi. Mitaa ya watu Weusi ilipakwa nyekundu karibu bila kuangaliwa, na mingi ya wahamiaji ilipata nyekundu au njano. Mamlaka ya FHA, iliyoanza mwaka 1934 kudhamini mikopo ya nyumba, nayo ilikuwa na mwongozo uliohesabu rangi ya wakazi kama sehemu ya hatari. Hivyo kwa miaka mingi mtu mwenye kazi na akiba alinyimwa mkopo kwa sababu ya mahali nyumba ilipo.

Sheria ya Makazi ya Haki ya mwaka 1968 ilipiga marufuku ubaguzi huo. Mwaka 1977 ikaja sheria ya CRA, inayozitaka benki kuihudumia jamii yote zinakochukua amana, pamoja na mitaa ya kipato cha chini. Wakaguzi wa serikali hupima mambo mawili katika mikopo ya nyumba: kipato cha aliyekopa, na kipato cha eneo ambako nyumba ipo. Ndiyo maana mipango mingi ya benki ina milango miwili. Unaingia kwa kipato chako kidogo, au unaingia kwa anwani ya nyumba.

Eneo linalotazamwa ni eneo la sensa, ambalo kwa kawaida lina watu kati ya 1,200 na 8,000. Likiwa na kipato cha kati (kile ambacho nusu ya familia ziko juu yake na nusu chini) kilicho chini ya asilimia 50 ya kile cha jiji na viunga vyake, linaitwa la kipato cha chini; kuanzia 50 hadi chini ya 80, la kipato cha wastani wa chini; kuanzia 80 kwenda juu, eneo halihesabiwi tena. Mipaka yake mara nyingi hupita katikati ya barabara. Orodha ya madaraja hutolewa upya kila mwaka, na mtu yeyote anaweza kuandika anwani kwenye tovuti ya FFIEC, baraza la wakaguzi wa benki wa shirikisho, akaona jibu papo hapo.

Kuna familia ya pili ya mipango, inayotazama uvijijini badala ya umaskini wa mtaa. Mkubwa wake ni mkopo unaodhaminiwa na Wizara ya Kilimo, USDA, ambao hauna kianzio kabisa, yaani sehemu ya bei ambayo mnunuzi huitoa mfukoni, mradi nyumba iwe ndani ya ramani ya vijijini ya wizara hiyo na kipato cha nyumba nzima kisivuke kikomo.

## Nyumba ya kwanza

Kiangazi cha mwaka 2024 waliipata nyumba waliyoipenda: vyumba vinne, kibaraza kipana, shule karibu, dola 228,000. Dalali aliwahakikishia kwamba imo ndani ya mpango. Ushahidi wake ulikuwa msimbo wa posta. Alikuwa amewahi kumuuzia mteja mwingine nyumba yenye msimbo huohuo, na mteja huyo alipata ruzuku.

Waliandika ofa na kuweka dola 1,500 za kuonyesha nia. Siku chache baadaye afisa mikopo wa benki aliingiza anwani kwenye mfumo. Jibu: eneo la daraja la kipato cha kati, yaani asilimia 80 au zaidi. Mstari wa sensa ulipita katikati ya barabara iliyo mbele ya nyumba hiyo. Majirani wa ng'ambo, ambao ungeweza kuwasalimia ukiwa kibarazani bila kupaza sauti, walikuwa ndani ya mpango. Wao walikuwa nje.

Tulijaribu mlango wa pili, wa kipato. Benki ilidai kipato cha wakopaji kisizidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha jiji, na hiyo ilikuwa kama dola 76,000. Baba na Mama Imani kwa pamoja wana 81,000. Mlango huo nao ukafungwa.

Je, wangeinunua bila ruzuku? Asilimia 3 ya kianzio ni 6,840. Gharama za siku ya kusaini zilikadiriwa 7,000, na benki ilitaka kama 3,000 zitangulizwe kwa ajili ya kodi ya ardhi na bima ya nyumba. Jumla inakaribia 17,000. Hata wakikusanya akiba na likelemba wangefika 13,000. Na kila mwezi wangelipa bima ya mkopo, ile inayomlinda mkopeshaji, kwa sababu kianzio kiko chini ya asilimia 20. Mpango wenye ruzuku ulikuwa umeisamehe.

Walijitoa. Walirudishiwa 1,500 zao zote, na hii haikuwa bahati. Dalali alikuwa amewashauri waondoe kwenye ofa sharti la mkopo, lile linalomruhusu mnunuzi kujitoa na kurudishiwa fedha zake akikosa mkopo, ili muuzaji awaone ni wanunuzi wenye nguvu. Baba Imani alikataa. Aliniambia baadaye, "Mwalimu, mimi siwezi kusaini kwamba fedha ninayo wakati bado sijaiona." Kwa uamuzi huo mmoja aliokoa fedha ambazo zinatosha kulisha nyumba ya watu wanane kwa wiki kadhaa.

## Njia ya kijijini

Baada ya hapo Baba Imani aligeukia USDA. Alipata nyumba katika mji mdogo ulio maili 30 hivi kutoka kazini, dola 198,000, na kiwanja ambacho kingetosha mahindi, maharage na kuku. Anwani ilikuwa ndani ya ramani ya wizara. Mtu aliyelimia tumbo lake tangu utoto akiona ardhi nyeusi kama ile, moyo humwenda.

Mkopeshaji wa kwanza aliwakatalia. Alisema kipato chao kimevuka kikomo. Na kweli, tofauti na mikopo mingi ambayo huhesabu kipato cha wanaosaini tu, USDA huhesabu cha watu wazima wote watakaoishi ndani, hata wasiokuwa kwenye mkopo. Kwa hiyo mshahara wa Imani uliongezwa, na jumla ikawa 117,000. Kikomo cha mwaka ule katika sehemu nyingi za nchi kilikuwa dola 112,450.

Lakini hicho ni kikomo cha nyumba yenye mtu mmoja hadi wanne. Kwa nyumba ya watu watano hadi wanane kilikuwa 148,450. Mkopeshaji alisoma safu isiyo yao. Familia zetu ni kubwa, bibi na wajukuu hukaa pamoja, na safu ya pili ndiyo yetu mara nyingi. Inasikitisha kwamba anayeajiriwa kuisoma anaweza asiifike. Tulipeleka barua yenye orodha ya wakazi wote wanane, na jibu likabadilika.

Kwa hiyo sasa walikuwa na mlango ulio wazi kweli. Swali likawa kama waingie.

## Uamuzi

Wakati huohuo tuliendelea kutafuta mjini, safari hii anwani ikitangulia kila kitu. Mama Imani aliandika kila anwani kwenye tovuti kabla ya kuomba kuiona nyumba, na nyingi alizifuta hapo hapo. Ilipatikana moja ya dola 215,000, iliyojengwa miaka ya 1920, ndani ya eneo la kipato cha wastani wa chini. Mtaa huo ulikuwa umepakwa nyekundu kwenye ramani ya miaka ya 1930.

Niliwaomba tusilinganishe mikopo, tulinganishe maisha ya mwezi mzima. Nyumba ya kijijini: rejesho, ada ya mwaka ya USDA ya asilimia 0.35, kodi ya ardhi na bima vilifika kama dola 1,650. Nyumba ya mjini: kama 1,750. Kijijini palionekana rahisi kwa mia moja. Kisha tukaweka mafuta ya gari. Wazazi wanafanya zamu zinazopishana, kwa hiyo ni magari mawili, kila moja maili 60 kwenda na kurudi. Kwa bei ya petroli ya wakati ule, hiyo ni kama 320 kwa mwezi. Kutoka nyumba ya mjini ingekuwa kama 85. Hesabu ikapinduka: 1,970 dhidi ya 1,835. Hapo hatujaweka matairi wala gari kuharibika.

Jambo lililowashangaza zaidi lilikuwa fedha za kuanzia. Mkopo wa USDA hauna kianzio, na ile ada yake ya mwanzo ya asilimia 1 huweza kuingizwa ndani ya mkopo wenyewe. Lakini gharama za kusaini na kutanguliza kodi na bima zilibaki: kama 8,000. Nyumba ya mjini ilihitaji kama 16,000 zote pamoja, ukitoa ruzuku ya 10,000 unabaki na 6,000. Mpango usio na kianzio ulitaka fedha taslimu nyingi kuliko mpango wenye kianzio.

Hesabu haikumaliza mazungumzo. Baba Imani alitaka shamba, na sababu zake hazikuwa ndogo. Mama Imani aliuliza ni nani atakayemwendesha usiku wa theluji, saa nne, akiwa amelala kwa muda wa saa tatu tu. Bibi haongei Kiingereza. Kliniki yenye mkalimani wa Kiswahili iko mjini, na kanisa lao pia. Kijijini hapakuwa na basi hata moja. Imani, ambaye mshahara wake ulihesabiwa katika kila fomu, hakuwa ameulizwa chochote mpaka siku hiyo. Alisema akihamia mbali ataacha masomo ya jioni. Baba Imani alinyamaza kwa siku mbili kisha akapiga simu kwamba wachukue ya mjini.

Uamuzi mwingine ulikuwa kutomweka Imani kwenye mkopo. Afisa mikopo alidokeza kwamba kipato chake kingewapa nguvu ya kununua nyumba ya bei zaidi. Lakini kipato cha wazazi kilitosha, na Imani akiwa mmiliki leo angepoteza nafasi ya kuhesabiwa mnunuzi wa mara ya kwanza anapotafuta nyumba yake katika miaka michache ijayo.

## Kuelekea kusaini

Nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka 1978 inaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi. Sheria ya shirikisho inamlazimu muuzaji kusema anachokijua kuhusu rangi hiyo na kumpa mnunuzi nafasi ya siku 10 kuipima. Wanunuzi wengi huitia saini ya kuiacha nafasi hiyo ili mambo yaende haraka. Hawa wana mtoto wa miaka mitatu, na mtoto wa umri huo hutia mkono mdomoni kutwa. Walipima. Risasi ilikutwa kwenye madirisha ya vyumba viwili, na bomba linaloleta maji kutoka barabarani lilikuwa la risasi pia. Muuzaji alikubali kutoa 2,500 kwa ajili ya madirisha. Bomba waliliandikisha kwenye mpango wa jiji wa kuyabadilisha, na mpaka leo maji ya kunywa na kupikia hupita kwenye kichujio.

Kikwazo cha mwisho kilikuwa likelemba. Zamu yao ilifika, 4,000 zikaingia benki kwa mkupuo. Katika mikopo ya kawaida, amana moja inayozidi nusu ya kipato cha mwezi lazima ielezwe ilikotoka. Mwongozo wa Fannie Mae, shirika linalonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, unafuatwa na wengi wao, nao unaitambua akiba ya pamoja ya kijamii kuwa chanzo halali cha kianzio. Unataka barua ya msimamizi wa mfuko na uthibitisho kwamba mkopaji amekuwa akichangia mara kwa mara. Na michango inayobaki huhesabiwa kama deni. Benki hii ilitaka hayohayo. Kwa bahati nzuri mweka hazina wao alikuwa na daftari, na michango ilikuwa ikitumwa kwa simu, kwa hiyo kila 400 ilikuwa na tarehe yake. Wangekuwa wanapeana taslimu mkononi, fedha hiyo isingehesabiwa.

## Matokeo

Walisaini Novemba 2024. Walitoa kama dola 6,000 mfukoni na kubakiwa na takriban 7,000. Januari, katikati ya baridi kali, tanuri la kupashia nyumba joto lilikufa, na sehemu kubwa ya akiba hiyo ikaenda huko. Nyumba ya miaka mia haikungoji ujipange.

Kisha ikaja barua ambayo hakuna aliyewatayarisha nayo. Benki iliihesabu ruzuku kama kipato na kutuma fomu ya 1099, inayoripoti kipato kwa mamlaka ya kodi. Marejesho yao ya kodi ya shirikisho yalipungua kwa karibu dola 1,200. Mambo haya hutofautiana: ruzuku nyingine haileti kodi, na nyingine kwa kweli ni mkopo wa pili unaosamehewa baada ya kukaa ndani miaka kadhaa, ukiuza mapema unadaiwa.

## Uchambuzi

Kilichowaokoa zaidi ni sharti la mkopo kubaki kwenye ofa. Katika mipango inayofuata mtaa, barua ya benki ya kukubaliwa awali humthibitisha mtu tu. Nyumba haijathibitishwa mpaka anwani yake ipite. Anayeondoa sharti hilo anaahidi kwa niaba ya ramani asiyoijua.

Kilichofeli ni imani katika msimbo wa posta. Msimbo mmoja unaweza kubeba maeneo kadhaa ya sensa yenye madaraja tofauti. Dalali hakuwa na nia mbaya, lakini hana sababu ya kutoangalia: kazi hiyo inachukua muda mfupi kuliko kufungua mlango wa nyumba. Na kwa kuwa orodha hubadilika kila mwaka, kumbukumbu ya mteja wa mwaka juzi haitoshi hata kama mstari ni uleule.

Kulinganisha gharama ya mwezi mzima kulifanya kazi, na nadhani ndicho chombo chenye nguvu kuliko vyote nilivyonavyo darasani. Ila sitaki msomaji aondoke akidhani USDA ni mbaya. Familia ambayo wote wanafanya kazi kiwanda kimoja kilichoko kwenye mji mdogo ingepata hesabu iliyo kinyume kabisa. Baba Imani hakukosea kuipenda ile ardhi; zamu zao mbili ndizo zilizoikataa.

Kuna jambo linalonikera katika mpango wenyewe. Kwa mlango wa anwani, benki hii haikuweka kikomo cha kipato. Maana yake mtu mwenye mshahara mara mbili ya wao angepata 10,000 zilezile kwa kununua nyumba katika mtaa uleule. Katika mtaa ambao bei zinapanda, ruzuku hiyo inaweza kumsaidia mgeni mwenye uwezo kumshinda mpangaji aliyeishi hapo miaka yote. Wakati huohuo mstari wa barabara unamnyima mwenye uhitaji aliyekosa kwa hatua chache. Fidia kwa mitaa iliyopakwa nyekundu ni haki, naiunga mkono bila kusita. Lakini kufidia mtaa pekee, bila kuuliza anayeingia ni nani, hakutoshi. Kikomo cha kipato hata kilicho juu kiasi, tuseme asilimia 120, kingewaacha akina Baba Imani ndani na kuwatoa wasiohitaji.

Mfanyakazi mwenzake Mama Imani, mama anayelea watoto peke yake kwa 39,000, alikuja darasani miezi michache baadaye akiwa ameshakata tamaa, kwa sababu alisikia kwamba ni lazima ununue "mtaa ule". Mama Imani ndiye aliyemwambia kuhusu mlango wa kipato. Aliingia kwa huo, benki ileile, akanunua nyumba ndogo katika eneo la kipato cha kati, na safari hii tuliweka kando fedha ya kodi ya 1099 tangu siku ya kusaini.